Mfiwa na Waogeleaji

Jumamosi jioni, katika baa moja ya mtaa wetu wa West Indies, redio ikieleza alikozuru Mtukufu Rais, waliingia walimu watatu kutoka kuogelea bwawani, nywele bado zina maji. Waliagiza nyama choma na ugali. Rafiki yao wa nne, aliyemzika mkewe majuzi, akatokea mlangoni.

"Nimepita tu kuwasalimia," akasema.

Mmoja akamvutia kiti.

"Maji yalikuwaje leo?" mfiwa akauliza.

"Baridi. Na wewe hukuwepo kutucheka."

Akakaa. Mwenzake akamkatia nyama laini, akamsogezea chumvi. Alitafuna polepole machozi yakimtoka, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mwishowe akauliza, "Jumamosi ijayo mnaenda saa ngapi?"

Mhubiri wetu husema baa huvunja nyumba. Sijui kama amewahi kuingia hii.