Jina la Dada wa Babu

Mzee Randu alisukuma mkokoteni sokoni Kongowea tangu ujana wake hadi magoti yalipokataa. Mgongo umepinda, lakini sauti aliyokuwa akiwaambia nayo watu wapishe njia haijapungua. Akimsalimia mtu kwao Mishomoroni, nyumba ya nne husikia.

Mwezi wa Mei mkaza mwanawe, Sarah, alijifungua msichana wa tatu. Kwa Wagiriama jina la mtoto hutolewa na upande wa baba, nalo hutoka kwa waliotangulia. Majina ya mabibi wa karibu yalikuwa yameshapewa dada zake. Nyevu, mkewe Randu, alitaka mtoto aitwe Kache, jina la dada wa babu yake Randu.

Sokoni ukiita Kache watageuka wanawake watatu. Katika ukoo wao hakuna hata mmoja. Kache yule, wakati wa njaa kubwa ya zamani, aliwekwa rehani na baba yake mwenyewe kwa mfanyabiashara wa pwani ili ndugu zake wapate mtama. Baba aliporudi kumkomboa, aliambiwa ameshauzwa ng'ambo.

"Tuliyemtoa kwa mikono yetu hatuwezi kumwita," Randu alisema. "Akirudi kwa jina hilo atarudi na lake moyoni, na atakayeumwa ni mtoto. Mwiteni Winfred, kama yule nesi aliyemzalisha mama yake."

"Nesi kukupa kiti tu, ushamtia kwenye ukoo!" Nyevu akamjibu.

Hakugombana zaidi. Alikuwa amesikia kanisani kwamba hapa Kisauni kuna makumbusho madogo ya utumwa na ukombozi. Akamwomba mumewe waende, akaone njia aliyopitishwa Kache, kisha aamue mwenyewe. Sarah alimbeba mtoto, nami jirani yao nikafuatana nao.

Makumbusho yenyewe ni vyumba viwili tu. Katika cha kwanza kuna pingu, minyororo na ramani ya njia za misafara. Kijana anayetembeza wageni, Justus, alikuwa akieleza jinsi watu walivyotekwa, Randu akamkatiza.

"Na waliotolewa na watu wao?"

"Wakati wa njaa walikuwa wengi, mzee. Wajukuu zao huja hapa. Huniuliza nje, tukiwa wawili. Wewe ndiwe wa kwanza kuniuliza humu ndani."

Chumba cha pili ni cha uhuru. Justus alitueleza habari za watoro waliojenga vijiji vyao msituni, na waliofuatwa huko wakapigana wasirudishwe. Akatueleza pia kuhusu watoto waliokombolewa baharini wakaletwa misheni.

"Mtoto akifika aliulizwa jina. Wengine walikuwa wameshasahau, maana bwana alikuwa amewapa jingine. Misheni nayo ikawapa la tatu."

"Kwa hiyo Kache hakuitwa Kache tena?"

"Huenda, mzee. Siwezi kujua."

Randu alivua kofia. "Tumenyamaza miaka yote tukidhani amekasirika," alimwambia Nyevu. "Kumbe hata mtu wa kumwita hakuwa naye."

Akaenda mlangoni, akaushika mwimo, akaita kwa ile sauti yake ya sokoni.

"Kache!"

"Abee!"

Nyuma ya nyumba akatokea mwanamke wa makamo, leso kiunoni, ufagio wa chelewa mkononi. Ndiye anayefagia pale.

"Umeniita, baba?"

Justus alifungua kinywa, Nyevu akamgusa mkono anyamaze.

"Nimekuita, mama. Hakuna kazi. Nilitaka tu kujua kama upo."

Yule mama alimtazama usoni kwa muda. "Nipo, baba," akasema kwa upole. "Nilikuwa huku nyuma tu."

Akarudi kufagia. Randu alikaa barazani, uso ameufunika kwa kofia, na hakuna aliyemharakisha. Alipoinuka, alimnyooshea Sarah mikono, akapewa mtoto.

Njiani alitangulia mbele yetu. Alikuwa akimwita mtoto Kache, anangoja kidogo, kisha anamwita tena.

"Muache alale, we mzee," Nyevu akasema. "Hajui kuitika huyo."

"Sitaki aitike," Randu akasema. "Nataka asikie."