Kiti cha Mama Célestine kwenye Nyasi za Halmashauri

Wewe unajua barabara iliyo mbele ya mlango wako ni ya nani? Usiniambie "ya serikali." Serikali ipi?

Mama Célestine, mzaliwa wa Uvira, anahudumia wazee majumbani hapa kusini mwa London. Goti lake limeharibika kwa miaka ya kuwainua watu vitandani. Kila asubuhi alingojea basi akiwa ameketi kwenye benchi la kituoni, mpaka benchi likang'olewa. Kusimama hawezi, na asipofika kazini mapema, kazi itampotea.

Alikwenda moja kwa moja kwa mbunge, amevaa kitenge cha Pasaka. Sisi Wakongo ndivyo tulivyozoea: shida hupelekwa kwa mkubwa kabisa. Mbunge akamwambia kwa upole kwamba mabenchi si kazi ya Bunge.

"Mukubwa gani ule hana nguvu hata ya kiti?" aliniuliza kanisani.

Nikamweleza niliyosoma chuoni. Ujerumani ni shirikisho: jeshi ni la serikali kuu, shule na polisi wengi ni wa majimbo, na katiba inalinda mgawanyo huo. Uingereza si shirikisho, Bunge likitaka linaweza kutwaa tena mamlaka lililogawa, lakini hata hapa kila ngazi ina yake. Barabara ile kubwa na vituo vyake ni vya jiji; vijia vya mitaani ni vya halmashauri ya mtaa, yenye madiwani wake.

"Profesa, na goti yangu iko ku ngazi gani?"

Kina mama wa kwaya wakaangua kicheko.

Mimi naamini katika kugawa mamlaka. Nimeishi kwenye nchi ambako mtu mmoja anaamua kila kitu. Lakini aliyepewa kipande cha mamlaka, akakitumia kumsukumia mwananchi kwa jirani, hakistahili! Nilimwambia hivyo hivyo diwani wetu, Anjali, Jumamosi nilipompeleka Mama Célestine kwake.

Diwani hakukasirika. "Kituo ni cha jiji, nitawabana watu wa jiji," alisema. "Lakini zile nyasi nyuma ya kituo ni za halmashauri. Mtu akiweka kiti pale, sisi hatumfukuzi."

Jumatatu asubuhi nilipita pale. Mama Célestine alikuwa ameketi nyasini kwenye kiti cha plastiki cha kanisa, na mkaguzi wa vituo wa jiji amesimama mbele yake, akimwambia akiondoe.

"Papa, angalia miguu ya kiti," alimjibu. "Hapa ni kwa Anjali. Weye tawala kule ku barabara."

Mkaguzi aliinama, akatazama. Akarudi nyuma hatua moja, akalipungia basi mkono lisimame.