Uji Niliopeleka Ukweni Badala ya Mkate

Kuna watu wanaona aibu kwa sababu walijikwaa barabarani, au waliitwa jina kanisani wakiwa wamesinzia. Mimi aibu kama hizo naziona mapumziko, kwa sababu mimi nilimmwagia mama mkwe uji usoni, siku ya kwanza kabisa kunitia machoni, na mpaka leo nikipita Kombewa kuna mama mmoja wa sokoni ambaye huweka nyanya chini ili acheke vizuri.

Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Nilikuwa mwalimu kijana Kisumu, nimepanga chumba Migosi, na nilikula kama bachela: asubuhi mkate mweupe na majarini, mchana chipsi na soseji, jioni biskuti na soda (sufuria yangu pekee ilikuwa imehamiwa na buibui). Basi kiungulia kikanikaa, tumbo likafunga, kichwa kikawa kizito, nikipanda ngazi za shule nahema kuliko mwalimu mkuu ambaye alikuwa anangoja kustaafu. Daktari niliyemwendea hata dawa hakunipa. Aliniuliza nakula nini, nikamwambia, akaweka kalamu chini akaniangalia kwa huruma.

"Mwalimu," akasema, "wewe huli chakula, unakula karatasi. Rudi kwa chakula ya nyanya yako."

Nikarudi. Ugali wa mtama, uji wa wimbi, viazi vitamu, mboga za kienyeji chungu na tamu, maharagwe, samaki mzima na kichwa chake, na haki ya Mungu baada ya wiki chache nilikuwa mtu mwingine, ngozi inang'aa, tumbo limetulia, nalala kama mtoto. Shida ni kwamba mtu akipona hanyamazi. Nilihubiri kwa walimu wenzangu wakati wa chai, nikahubiri kwenye foleni ya maji, siku moja nikamnyang'anya jirani mandazi mkononi (nilirudisha, baada ya kelele).

Sasa nilikuwa na mchumba, Akinyi, tuliyefundisha naye shule moja, na siku ya kwenda kujulikana kwao, kule Seme kupita Kombewa, ikafika. Yeye alitangulia nyumbani kusaidia kupika, na kabla ya kuondoka akanishika shati akasema, "Mkate usisahau. Mama amealika majirani kwa chai." Maana kwetu mgeni akitoka Kisumu, hasa huyo anayetaka binti wa watu, lazima abebe mkate, sukari, majani ya chai, na kreti ya soda. Hiyo haiandikwi mahali, mtu anazaliwa akijua.

Rafiki yangu Owuor, ambaye ndiye angekuwa msemaji wangu, aliazima pikapu ya mjomba wake. Tukasimama mbele ya duka, mikate imepangwa pale dirishani imevaa karatasi zake. "Shuka ununue," akasema. Nikaitazama. Nikakumbuka daktari.

"Siwezi kupelekea wakwe zangu kitu ambacho mimi mwenyewe nimekataa," nikamwambia. "Endesha twende Kibuye."

Owuor alinitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe akiingia barabarani, lakini akaendesha. Pale sokoni nikanunua gunia la mtama, wimbi, njugu, simsim na asali ya kwenye sega, nikajiona mwana mwema sana. Soda nilikuwa na dawa yake tayari: uji wa wimbi wa kuchachisha, niliopika kwa mikono yangu, ukachacha vizuri mpaka unauma ulimi, nikaujaza kwenye mtungi mkubwa wa plastiki. Kifuniko nilikikaza kwa nguvu zangu zote ili tone lisimwagike njiani.

Jua siku hiyo lilikuwa linapiga, na barabara ile kila shimo lina mtoto wake. Tulipokaribia Kombewa Owuor akatazama kioo.

"Mtungi yako imefura tumbo."

"Ni joto tu."

"Hata mimi najua ni joto. Nauliza itazaa lini."

Nikacheka. (Nilicheka, wenzangu!)

Tulipokelewa kwa vigelegele. Watoto walipanda pikapu kabla haijasimama, wakatafuta, wakapekua, wakashuka kimya kimya. Wanawake wakabeba mizigo mpaka ndani, na shangazi yake Akinyi, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, ambaye wote walimwita Waya, akafungua gunia mbele ya majirani wote waliokuwa wameketi na vikombe vyao. Akachota kwa kiganja. Akanusa.

"Mtama?" akasema. "Si ndio hii tunafukuzia ndege kila siku? Mwalimu, mkate iko wapi?"

Nikamtazama Owuor, msemaji wangu. Owuor alikuwa anasoma kalenda ukutani. Kule jikoni mama mkwe alikuwa ameshachemsha chai ya maziwa, sufuria kubwa ya sherehe, inangoja sukari yangu. Na Akinyi alikuwa amesimama mlangoni ananitazama kwa macho ambayo sijayaona tena, na naomba nisiyaone. Badala ya kuomba msamaha mimi nikasimama nikafunga kifungo cha koti, nikaanza kufundisha. Nikawaambia unga mweupe umetolewa uhai, sukari nyeupe ni adui mwenye tabasamu, na wazee wetu waliishi miaka mingi bila majarini. Mzee mwenyewe, baba yake Akinyi, aliyekuwa amevaa koti lake la siku kuu, akauliza kwa upole kabisa, "Kwa hivyo leo chai tutakunywa hivyo tu?"

"Hapana, Mzee!" nikasema. "Nimeleta kinywaji inashinda soda!"

Mtungi ukaletwa, umeviringana kama mpira. Owuor ndipo akapata sauti: "Fungulia nje! Ndugu yangu, fungulia nje!" Lakini mimi niliyekaza kifuniko ndiye niliyejua kukifungua, au sivyo? Nikaukumbatia, nikazungusha kidogo, ukalia *fsssss*, na wakati huohuo mama mkwe akaingia na sinia ya vikombe.

Kifuniko kiligonga mabati, *paa!* Uji ukatoka kama umetumwa. Ukapiga dari, ukapiga kalenda, ukapiga vitambaa vyeupe vya viti alivyoshona mama mkwe mwenyewe, ukampata Mzee kuanzia kipara mpaka mifuko ya koti, na uliobaki, ule mzito, ukaenda moja kwa moja usoni kwa mama mkwe.

Hapo ningekimbia ingekuwa afadhali. Kwetu mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana mpaka wanaogopana. Humkazii macho, humshiki ovyo, mnasalimiana kama kuna mto katikati yenu. Mimi nilitoa leso mfukoni nikaanza kumpangusa mashavu.

"Yawa!" Waya akapiga ukelele. "Amemshika!"

Nikaruka nyuma, nikakanyaga uji, nikashika kitambaa cha meza, vikombe vyote vikanifuata, na nikatoka mlangoni kwa mgongo mpaka katikati ya kuku, ambao (naona niwasifu) ndio pekee walionipokea kwa furaha.

Halafu nikasikia Mzee akilamba masharubu.

"Nani amepika hii uji?"

"Ni mimi, Mzee," nikajibu nikiwa bado chini.

"Hii mara ya mwisho nilikunywa nikiwa sijajua viatu. Imebaki?"

Waya hakungoja ibaki. Akatoa hukumu pale pale: turudi Kombewa, mkate uje, sukari ije, la sivyo Akinyi harudi Kisumu. Tuliingia kila duka, mimi nikiwa na uji unakauka kwenye nyusi, nikikusanya mikate kwa mikono miwili. Mwenye duka moja akatuuliza kwa huzuni, "Poleni, nani amekufa?"

"Bado," Owuor akamjibu, "lakini tukichelewa, ni huyu."

Tuliporudi Waya alikata kipande kinene, akapaka majarini mpaka ikasimama, akaninyooshea mbele ya kila mtu. "Kula tuone kama inaua." Nikala. Na kitu ambacho sijawahi kumwambia daktari ni kwamba kilikuwa kitamu sana. Mama mkwe alikuwa ameoga, amebadilisha kitambaa cha kichwa, amesimama mlango wa jikoni ametupa mgongo, na mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Akinyi akaninong'oneza, "Anacheka. Kaa tu hivyo, usiongeze neno."

Tulioana. Mtama na wimbi mpaka leo ndio chakula cha nyumba yangu, na tumbo langu halijanisumbua tena. Ila niliapa: sitamfundisha tena mtu afya akiwa ameshika kikombe chake cha chai, na ukweni siendi bila mkate. Hata kabla ya ziara ya pili mama mkwe alituma ujumbe kwa Akinyi, kwa adabu zote, bila kutaja jina langu: "Mwambie Mwalimu anakaribishwa. Lakini uji yake aje nayo ikiwa tayari iko ndani ya tumbo yake."