Kengele ya Akida Harusini Kwangu

Chekeni, lakini niacheni nimalize. Siku tuliyokunywa yale maji ya dawa, hapa Mtawanya hakuna aliyepiga kelele kunishinda. "Sipalilii tena pamba ya Mdachi! Aje anipige risasi!" Akida wake, aliyetusimamia shambani, alipotoroka, nilitembea kijijini kifua mbele kana kwamba nimemfukuza mimi.

Kisha nikaoa. Kwetu bwana harusi hapokelewi kimya. Akikaribia kwa bibi harusi, wanawake humpigia upatu, lile sinia la shaba. Lakini upatu wa wakwe zangu ulipotea walipokuwa wakiwakimbia askari. Basi shangazi yake bibi harusi, bila kuniambia, akaenda kwenye nyumba aliyoiacha akida, akaing'oa ile kengele iliyokuwa ikituita mstarini kwenda shambani kila alfajiri.

Nikaja na kanzu mpya, nanukia udi, nagawa salamu kama sultani. Mlangoni kengele ikalia.

Wallahi sikumbuki kufikiri. Nilinyakua jembe ukutani kwa jirani, nikapandisha kanzu, nikatimka. Akili iliponirudia, nilikuwa nimesimama mstarini mbele ya baraza ya akida, jembe begani. Mstari wenyewe ulikuwa mimi peke yangu, na kiti cha akida kilikuwa kitupu.

Nyuma yangu harusi nzima ikawasili, shangazi mbele, kengele mkononi. Akanitazama kuanzia jembe hadi miguu. Akaigonga mara moja, akaliita jina langu kwa ukali, vile vile alivyokuwa akiliita akida.

"Nipo, bwana!" nikaitikia.