Moto wa Bibi Minza

Katekista Revocatus, wa kigango kimoja upande wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa kutoka Mwanza, hakuwa mtu wa kutisha. Mwembamba, koti lake la mitumba lilimmeza mpaka vidole, na akiimba, mbuzi walihama. Lakini akianza habari za watakatifu, weee! Watoto wa kipaimara walisahau njaa. Padri alipokuja na kivuko kuhubiri, watu walisinzia. Akisimama Revocatus, hapakuwa na jicho la kufumba.

Alhamisi ile alikuwa amefikia somo la fadhila ya nguvu. Akawasimulia Karoli Lwanga, kijana wa Buganda aliyewakinga wenzake wadogo na ubaya wa mfalme, mpaka akachomwa moto mzimamzima huku anasali.

"Nguvu siyo misuli," akasema, akakunja mkono wake ulio kama fimbo ya kuchungia. Watoto wakacheka. "Nguvu ni kumkinga mnyonge siku ambayo wote wameogopa. Sasa kila mmoja akaiishi wiki hii. Sitaki ya kukariri!"

Alisema hivyo bila kuchungulia dirishani. Angechungulia, angeiona nyumba ya Bibi Minza pale ufukweni, haitoi moshi.

Sababu kila mtu aliijua. Tangu biashara iwe huria na viwanda vya minofu ya samaki viote Mwanza mjini, magari ya barafu yalifuata sangara mpaka huku. Shimba, mkuu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, ndiye aliyekuwa wakala wa viwanda hivyo, na alitaka mahali pa kujenga banda la kupokelea samaki. Pazuri palikuwa kwa Bibi Minza. Bibi akakataa: mume wake kazikwa pale. Haukupita muda, mtumbwi ukapinduka, akafa mtu, na minong'ono ya uchawi ikaanza juu ya macho mekundu ya bibi. Macho yaliyoiva kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, kama ya mama zetu wote!

Sungusungu wakamtenga. Na kutengwa kule si mchezo: hakuna kumsalimia, hakuna kumpa maji, hakuna kumpa moto. Atakayempa anatengwa naye, yeye na nyumba yake. Kijiji cha jirani walitengwa mzee na mkewe. Asubuhi moja wakakutwa wamekufa, na majirani wote wakasema hawakusikia hata kelele.

Jumamosi asubuhi nyumba ya Bibi Minza ikatoa moshi.

Revocatus aliuona akiwa anapiga mswaki, akameza povu. Kabla hajalikohoa, akatokea Modesta, msichana wa darasa lake la kipaimara, anang'aa kama sufuria mpya.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeona ule moshi?"

"Ni mimi! Nimempelekea makaa kwenye kigae. Nimeishi fadhila."

"Nani kakuona?"

"Sijui. Mbwa wa Shimba alinibwekea."

"Sikia, mwanangu. Usimwambie mtu. Kuna fadhila nyingine, inaitwa busara."

"Hiyo si tumeshaisoma? Ulisema busara ni kuchagua lililo jema, siyo kujificha."

Jamani, na watoto nao wanasikiliza! Filimbi za sungusungu zikamwokoa Revocatus, au tuseme zikammaliza.

Watu wakakusanyika penye ghala la pamba, tupu tangu ushirika ulegee. Wanaume wakakaa kwenye magogo, wanawake chini. Bibi Minza alisimamishwa katikati, peke yake, anashikilia kanga yake shingoni.

"Moto hauna miguu," Shimba akasema, taratibu kabisa. "Aliyeupeleka asimame. Asiposimama tutamtafuta nyumba kwa nyumba, na sitajali ni mkubwa au mtoto."

Kule kwa wanawake, Revocatus akaona kichwa cha Modesta kinaanza kuinuka. Akatazama huku na huku kama kuna mtu mwenye kimo zaidi atakayesimama badala yake. Hakuna. Akasimama yeye. Koti likanasa kwenye gogo, likamrudisha chini, watu wakaangua kicheko. Akasimama tena.

"Moto umetoka darasani kwangu," akasema. "Mwanafunzi amefanya nilichomfundisha. Mnayemtafuta ni mwalimu."

"Jina la mwanafunzi."

"Unalo langu. Linatosha."

Shimba akacheka. "Katekista! Koti tu linakushinda, utambeba bibi?" Watu wakacheka naye. Akangoja wamalize. "Halafu, huyo mtakatifu wako, mwishoni walimfanya nini vile? Nimesahau."

Hapo hakucheka mtu.

Revocatus akaenda mpaka katikati, akamwinamishia bibi kichwa.

"Shikamoo, bibi."

Bibi Minza alimwangalia kama mtu aliyesahau salamu hujibiwaje. "Marahaba, mwanangu."

Basi. Waliokaa gogo moja na Revocatus wakainuka, mmoja mmoja, wakahamia mbali. Mkewe Odeta akatoka kwa wanawake, mtoto mgongoni.

"Baba Precious, umetumaliza, wewe!" Akasonya kwa nguvu. Kisha akageuka. "Shikamoo, bibi."

Modesta alitaka kuja. Mama yake alikuwa amemkamata, kiganja mdomoni. Revocatus akamtikisia kichwa: kaa hapohapo.

Revocatus na Odeta wakamchukua bibi, wakaenda naye nyumbani kwao, jua bado kali. Kila ua waliopita, watoto walivutwa ndani na mlango ukafungwa. Odeta alikuwa akihesabu kwa sauti kuni walizobakiza, kwa sababu moto wao ukizimika, hakuna wa kumwomba tena.

Penye njia ya kuingilia kwao, vijana wa Shimba walikuwa wameshatangulia. Wamekaa juu ya jiwe, wananoa mapanga, hawana haraka. Mmoja alipata kipaimara kwa mafundisho ya Revocatus mwenyewe.

"Habari za leo, Yeremia," Revocatus akamsalimia.

Kijana hakuinua uso. Akalimwagia jiwe maji, akaendelea kunoa.