Tangazo la Tatu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo kwa miaka mingi sikupenda kuikumbuka. Leo naisimulia kwa sababu nimeona jinsi vijana mnavyofurahia kusema ukweli mbele za watu, na kusema ukweli si jambo baya. Mimi mwenyewe niliusema. Nisikilize tu nilivyousema.

Ilikuwa Tunduma, miaka ile mpaka ulipoanza kuchangamka, malori yamepanga foleni ya kuvuka na kila mwenye chumba cha mbele amekigeuza duka. Kanisa letu la Anglikana lilikuwa la matofali yasiyopigwa lipu, wanaume upande wa kulia, wanawake upande wa kushoto, kwaya mbele. Honi za malori zilikuwa zinaingia katikati ya mahubiri, na Kasisi alizoea kunyamaza kidogo, honi ipite, kisha aendelee na neno lake pale pale alipoliachia.

Nilikuwa na rafiki aitwaye Subira. Tulikuwa majirani, tulichota maji bomba moja na tuliimba kwaya moja. Basi akaposwa na Ezra, dereva wa lori aliyebeba mahindi kutoka Mlowo kuja mpakani. Kijana mtanashati, mcheshi, anayejua kusalimia wazee. Nyumba nzima ikafurahi.

Kama hujui utaratibu wetu, nikueleze. Kwetu ndoa hutangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo. Baada ya sala, katekista husimama na daftari, anataja bwana harusi na bibi harusi, halafu anauliza kama yuko anayejua kizuizi chochote cha wawili hawa kuoana. Watu hukohoa, hutazamana, wengine hucheka. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akisimama.

Tangazo la kwanza lilipita vizuri. Alhamisi iliyofuata shangazi yangu alinichukua twende Ndalambo kununua maharage. Tulipomaliza, mama mmoja kijana aliyetuuzia akatukaribisha ugali. Nikiwa nanawa mikono, nikainua macho ukutani. Kulikuwa na picha ya harusi. Bibi harusi alikuwa ni huyu huyu aliyeshika jagi la maji. Bwana harusi alikuwa Ezra.

"Huyu ni nani?" nikauliza, kama sijui.

"Baba yake huyu," akasema, akimwonyesha mtoto mgongoni. "Yuko na lori. Mwezi huu hajarudi."

Ule ugali sikuumaliza. Njiani shangazi, ambaye hakumjua Ezra, aliniuliza kama naumwa. Nikasema ni vumbi.

Sasa mwanangu, hapa ndipo nakuomba usinionee haya, maana nitasema yote. Kwaya yetu ilikuwa imemchagua Subira awe mwanzishaji wa nyimbo, nafasi niliyoitamani mimi. Sikumchukia. Lakini ndani yangu kilikuwepo kitu kidogo kilichoumia, nami nilikilisha. Nikawa najiambia: kitabu cha sala kimeweka mahali pa kusema kizuizi, ni kanisani, basi nitasema kanisani. Ikafika Jumapili ya tangazo la pili, nikashindwa kusimama. Wiki nzima nikawa najizoeza maneno kichwani, na kila nilipojizoeza niliwaona watu wote wakigeuka kunitazama. Nakiri kwamba picha hiyo ilinipendeza.

Katika wiki hiyo Subira alinionyesha kitambaa cha gauni lake pale bombani. Nikakishika, nikakisifia.

Jumapili ya tatu katekista akasoma. Akauliza. Nami nikasimama katikati ya kwaya.

"Ninacho kizuizi," nikasema.

Katekista akavua miwani. "Wewe, binti?"

"Ezra ana mke. Yuko Ndalambo, wana mtoto. Nimekula ugali kwake."

"Ugali na nini?" akadakia mtu upande wa wanaume, na watu wakaangua kicheko, kile kicheko cha watu walioshtuka wasijue la kufanya. Ezra hakuwepo, alikuwa safarini. Aliyekuwepo ni Subira, hatua mbili kutoka kwangu, katika joho lake la kwaya. Hakulia. Alilivua lile joho taratibu, akalikunja, akaliweka kwenye benchi, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mama yake akamfuata, kitenge mdomoni.

Kasisi alisema jambo hilo litachunguzwa, ibada ikaendelea. Lilichunguzwa kweli, na siku chache baadaye Ezra akakiri. Harusi ikafa.

Lakini siku ile ile nje ya kanisa nilikuwa shujaa. "Umetuokolea mtoto!" "Una moyo wa simba, wewe!" Nikapeana mikono mpaka ikachoka. Ndipo Mama Sikitu akaniita.

Mama Sikitu alikuwa mzee wa kanisa, mjane, mtu wa maneno machache mwenye lafudhi nzito ya Kinamwanga. Kazi yake ilikuwa kutunza vitambaa vya meza ya Bwana. Akanipa ncha mbili za kitambaa cheupe, yeye akashika mbili, tukawa tunakunja.

"Ile picha uliiona lini?" akauliza.

"Alhamisi, mama."

"Alhamisi hii?"

Nikanyoosha ncha zangu za kitambaa. Akangoja. Nikasema, "Ile ya kabla ya tangazo la pili."

Akakunja kona yake, akaja kuchukua yangu. "Bomba lenu na la kina Subira ni moja."

"Ndiyo, mama."

"Basi ulikuwa na siku kumi za kumwambia msichana mmoja. Ukaona bora dakika moja ya kuwaambia watu mia mbili."

"Lakini mama, kitabu ndicho kinachosema mtu aseme pale."

"Kitabu kinamsaidia asiyekuwa na njia nyingine. Mgeni aliyetoka mbali, asiyejua mlango wa binti. Wewe mlango unaujua." Akaweka kitambaa juu ya vingine, akakilainisha kwa kiganja. "Sikusemi kwa ukweli wako. Ukweli umemponya. Nakusema kwa siku kumi."

Afadhali angenichapa.

Subira hakuonekana tena kanisani. Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilisikia anapanga kwenda kwa mjomba wake Mbangala akae huko moja kwa moja, kwa sababu hawezi kupita njiani Tunduma watu wakamtazama. Wenzangu walikwenda kupokea komunyo, mimi nikabaki nimekaa. Mama Sikitu hakunizuia. Miguu ndiyo iliyokataa, kwa sababu kila mara tulialikwa mezani kama watu wenye upendo na jirani zetu, na jirani yangu nilimjua.

Jumamosi moja asubuhi nikaenda kwao. Nilimkuta anafua.

"Umekuja kuona kama nimekonda?" akasema bila kuinua uso.

"Nimekuja kukwambia kitu usichokijua. Jambo la Ezra sikulijua asubuhi ile ya kanisani. Nilijua siku kumi nzima."

Mikono ikasimama ndani ya beseni. "Siku ya kitambaa cha gauni?"

"Nilikuwa najua."

"Ulikishika. Ukasema kitanipendeza."

"Nilisema."

Akaikamua nguo aliyoishika, akaiweka kando. Kisha akasema, "Toka kwetu," nami nikatoka.

Kesho yake, mwanangu, Subira alikuja kanisani. Aliingia akiwa amenyoosha shingo, akakaa benchi la nyuma. Mbangala hakwenda. Miaka baadaye alinieleza. Alisema aibu ndiyo iliyomfungia ndani, alijiona mjinga peke yake mbele ya watu wote. Aliposikia kwamba na mimi nina kosa, na kubwa, alipata hasira, na hasira ilikuwa na miguu ya kutokea nje. Ndiyo maana sijawahi kujuta kumwambia lile la siku kumi, ingawa ningeweza kulificha na asingejua kamwe.

Lakini hakunisamehe siku hiyo, wala mwezi huo. Wakati wa kutakiana amani, pale tunapogeuka na kushikana mikono, alimpa mkono kila mtu aliyekuwa karibu, akaniruka. Nilikuwa nimetoka kwenye kwaya na kumnyooshea wangu, nikaurudisha. Jumapili iliyofuata tukafanya vile vile. Tulipanda mahindi, tukapalilia, mahindi yakabeba, na mimi bado nabaki kwenye benchi wenzangu wakienda mezani. Sikumlaumu. Kazi yangu ilikuwa kuunyoosha mkono, si kumlazimisha aushike.

Kisha Jumapili moja, karibu na mavuno, akasimama mbele yangu.

"Mkono tu," akasema kwa sauti ya chini. "Mengine bado."

"Mkono tu," nikajibu.

Akanipa. Ulikuwa wa baridi na mgumu, na niliushika bila kuubana. Siku hiyo nilikwenda mezani, nikapiga magoti pembeni yake. Hayo mengine yalikuja polepole, mengine baada ya miaka, mengine nadhani hayakuja kabisa.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukijua jambo litakalomwumiza mwenzako, mwendee kwanza yeye, mapema, mkiwa wawili. Jichunguze: ukiona unatamani watu wawepo wakusikie, ngoja, kuna kitu chako binafsi umekichanganya na ukweli. Ukiwa umeshakosea, usingoje ajue mwenyewe. Kamwambie hata lile asilolijua, kisha umwachie muda wake wote, bila kumhesabia. Inawezekana, mwanangu. Mimi si mtu wa pekee, nami niliweza.

Mungu akupe ulimi mpole na miguu miepesi ya kwenda kwa jirani. Akupe rafiki wa kukuambia ukweli mlangoni kwako. Na siku utakaponyoosha mkono, awepo atakayeupokea.