Caritas na Mashetani wa Mzee Eusebio

Caritas alikuwa akimtunza mzee Eusebio, Mbolivia aliyepofushwa na kisukari, katika nyumba yake ndogo kule Shively, Marekani. Mchana mmoja wa mwaka 2015, mpwa wa mzee akaleta DVD, akaenda zake. Ilikuwa filamu ya zamani isiyo na sauti, iliyopigwa kwenye milima ya Andes wakati wa sikukuu ya mji wa wachimba madini.

"Mama yangu yumo," mzee akasema. "Babu alimkataza kucheza ngoma ya mashetani, naye akajificha ndani ya kinyago cha kaka yake. Wanasema mbele ya kamera alikivua. Nitazamie, binti, uniambie."

Caritas akaiwasha. Mara wakatokea mashetani: pembe ndefu, macho yamewatoka, meno nje, wakirukaruka mbele ya kanisa. Caritas akarudi nyuma hatua moja.

Caritas alikuwa mtoto mdogo, kwao Burundi, watu waliofunika nyuso walipoingia uani kumchukua baba yake. Kitambaa cha mmoja kikadondoka. Alikuwa jirani yao, aliyezoea kumpa mapera. Tangu siku hiyo, kambini Kigoma hata Marekani, uso uliofunikwa ulimtisha, lakini kufunuliwa kwake kulimtisha zaidi.

Shetani mmoja akaisogelea kamera, akashika pembe zake. Caritas akafumba macho.

"Amevua?" mzee akauliza. "Binti, amevua?"

Angeweza kumdanganya, mzee asingejua. Lakini akasema kweli.

"Nisamehe, Mzee. Nimeogopa, sikutazama."

Mzee hakukasirika. Alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wake.

"Mama alikufa nikiwa mchanga," akasema polepole. "Hakuacha hata picha. Mimi pia naogopa, binti. Sijui nitaambiwa nini."

Caritas akairudisha nyuma. Shetani akaja tena, akashika pembe. Safari hii hakupepesa macho. Kinyago kikapanda: kidevu, mdomo, macho.

"Ni msichana," akasema. "Nywele zimemganda kwenye paji la uso. Anacheka, Mzee. Ana mwanya."

"Mwanya!" Mzee akagusa meno yake. "Nami nilikuwa nao, kabla ya haya ya bandia."

Akaangua kilio kama mtoto.

Caritas akaenda jikoni, akanawa uso kwa maji baridi. Sebuleni mzee alikuwa akimwita aiweke tena filamu.